Nyumbu wa Baba

Mtu akiniambia leo anakwenda Serengeti siku mbili tatu, kutembea tu na kurudi, huwa namwuliza swali moja: "Umewaaga watu wangapi?" Anadhani namtania. Simtanii ng'o. Mie safari yangu ya Serengeti niliipanga miezi saba, barua juu ya barua, ikaja kuniharibikia mlangoni kwangu Temeke, mbele ya kadamnasi, na watu wanacheka. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, na anayenikasirisha zaidi ni mie mwenyewe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwishomwisho. Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mtalaka, naishi na baba yangu katika nyumba yake, sie wawili tu, maana mama alikwishafariki. Baba alikuwa Mzaramo wa hapahapa, fundi wa kuezeka makuti, na maisha yake yote hakufika mbali isipokuwa mara moja. Vile vita vya Mjerumani na Mwingereza vilimkuta kijana, wakamkamata, wakambebesha mizigo ya askari mpaka bara huko. Huko ndiko alikopita Serengeti, na ndiko alikowaona nyumbu.

Kisa chenyewe nimekihifadhi. Wapagazi walitokea uwandani asubuhi wakakuta nyumbu wanakata njia. Wakatua mizigo wawapishe. Wakakaa. Jua likapanda, likafika utosini, likashuka, nyumbu wanapita tu, ardhi nyeusi mpaka macho yanapokoma. Wakalala palepale juu ya mizigo, na kulipokucha walikuwa bado wanapita. Baba alikuwa akifika hapo ananyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kuonyesha upana, na mikono haimtoshi.

Hakuna aliyemwamini. Barazani kwetu walikuwa wanamwachia amalize, halafu wanaangua kicheko. Kinara wao alikuwa jirani yetu wa nyumba ya mbele, Mnyamwezi mmoja aliyekuwa kuli bandarini mpaka mgongo ukamshinda. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani anaweza kukutukana msibani kwako ukacheka machozi yakikutoka. "Mie ndiye mtu wa bara," alikuwa akisema, "na mie sijawaona nyumbu hao. Wewe mla nazi umewaona wapi? Eti mkakaa juu ya mizigo mkingoja nyumbu wapite kama mnangoja treni! Muongo mkubwa wewe!" Watu kwa! kwa! kwa! Baba naye anacheka, lakini nilikuwa namwona anavyovuta kofia yake mbele kidogo, na mie hilo lilikuwa likinichoma.

Halafu macho ya baba yakaanza kuharibika. Hospitali walituambia jicho moja limekwisha na la pili linafuata, na dawa hakuna. Baba alirudi nami mpaka uani. Hapo akanishika mkono. "Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "nataka nikawaone tena kabla halijafunga. Na nataka uwaone wewe. Wewe mwalimu, ukisema watu wataamini."

Basi. Nikaanza kupanga.

Lo, kupanga! Uwanda wa baba ulikuwa umekwisha kufanywa hifadhi, na mtu haingii kama anaingia sokoni. Nikaandika barua ofisi moja ya serikali kuomba cheti. Ikarudi karatasi ya kujaza kwa Kiingereza: motokaa yako ni ya aina gani, unakuja na watumishi wangapi, utakuwa na bunduki au huna. Nikaikodolea macho ile karatasi. Motokaa! Nikaandika hakuna, hakuna, hakuna, nikairudisha. Wakaniuliza basi nitaingiaje. Nikamwandikia mtoto wa shangazi yangu, dereva wa duka moja Arusha, ambaye kila Jumanne alikuwa akipeleka unga na mafuta ya taa kambi ya wageni hukohuko mbugani. Barua ya kwanza hakujibu. Ya pili akajibu habari za watoto wake wote, na habari ya lori akaisahau. Ya tatu nilimwandikia kwa wino mwekundu, kama ninavyowasahihisha wanafunzi wazembe, na hiyo ikampata. Akakubali kutuchukua, usiku mmoja tulale kambini kwa wapishi, kesho yake aturudishe. Nikaiandikia tena ofisi, na cheti kikaja. Miezi saba imekwenda, na jicho la baba linazidi kuwa jeupe.

Hesabu ya siku ilikuwa hivi. Shule imefunga siku kumi tu. Basi la kwenda Arusha linatoka mjini Jumamosi saa mbili asubuhi, na jingine Jumatano. Tukilikosa la Jumamosi, lori la Jumanne tumelikosa, na safari imekufa. Nilimwambia baba mara mia. Nilimwambia pia jambo moja jingine: "Baba, tuondoke kimya. Tutawaambia tukirudi."

Akanitazama kama nimemwambia tukaibe. "Tuondoke bila kuaga? Sie wezi?"

Basi tukaaga. Wiki nzima tuliaga! Tukaaga mtaa mzima wa kwetu, tukaaga ndugu zake Mbagala, na kule shangazi hakukubali tutoke mpaka tule wali, na wali wenyewe mpunga ulikuwa bado haujatwangwa. Kila tuliyemuaga alikuwa na lake. Huyu anataka mafuta ya simba ya kuchulia kiuno, yule anataka mkia wa nyumbu afanyie usinga, bibi mmoja yai la mbuni. Nikiwaeleza kwamba mbugani hawaruhusu kuchukua hata jani, wananiambia, "Wewe nenda tu, utaona mwenyewe," kana kwamba wao wameshakwenda. Ijumaa baada ya sala watu wakakusanyika kwetu wakatusomea dua ya safari, ubani ukafukizwa, mikate ya kumimina ikaliwa. Nilikuwa nimechoka hoi hata kabla sijapanda basi.

Jumamosi tulikuwa tayari alfajiri. Mtani akaja na kundi la watu kutusindikiza, uso umemkunjuka, mpole ajabu. "Lete mzigo nikusaidie, mtani wangu," akasema, akauchukua mkoba wa baba uliokuwa na shuka zake na kile cheti. Badala ya kushika njia, akavuka mtaa, akaingia nao kwake, akafunga mlango, akajitokeza dirishani.

Hiyo ni haki ya mtani, nakubali. Mtani akikuzuia safarini unampa chochote cha kujigomboa, mnacheka, unapita. Baba akamwahidi jogoo, akakataa. Akamwahidi ugoro, akakataa. "Sitaki kitu chako," akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Nataka neno moja tu. Sema mbele ya hawa: mie muongo, sikuona nyumbu. Ukisema, mzigo huu hapa."

Watu wakapiga vigelegele. Baba akatabasamu, akatikisa kichwa. "Hilo sisemi."

"Basi huendi."

"Nitakwenda. Ila hilo sisemi."

Nikaona mchezo, nikangoja. Nikangoja weee! Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kasorobo. Kila baba anapokataa ndivyo watu wanavyozidi kucheka, na wapya wanafika kuuliza kuna nini. Nikamwendea nikamnong'oneza, "Baba, sema tu! Utani huo! Nani asiyejua ni utani?" Akaniambia, taratibu kabisa, "Nikisema leo, nikirudi nitasema nini?" Nikaona kichwa kinaniwanga. Nikamgeukia yule mtani, nikamfokea mbele za watu, mie mwalimu, nikamwambia yeye ni mzee mzima hana haya. Akafurahi zaidi, maana mtani akifokewa ndiyo raha yake. Saa moja na nusu mkewe akachoka, akaurusha mkoba nje kwa dirisha la pili.

Tulikwenda mbio, nimemshika baba mkono, maana mashimo alikuwa hayaoni. Tulipofika mjini lile basi lilikuwa limeondoka. Hata vumbi lake lilikuwa limekwisha kutulia.

Nilikaa chini, nikalia. Sikuona aibu. Wachuuzi wananitazama, nami nalia kwa kwikwi kama mtoto aliyenyang'anywa kitumbua. Baba akasimama pembeni yangu ameukumbatia mkoba wake. "Turudi nyumbani, mama," akasema. "Tukawaambie tumechelewa."

Hapa ndipo nilipokosea. Angekosea baba ningemsamehe.

"Siwezi," nikamwambia. "Watu wamesoma dua! Wiki nzima tunaaga, leo turudi saa nne ya siku ileile? Yule mtani atatuimbia mpaka tunaingia kaburini." Nikampeleka Chamazi. Baba alikuwa na kishamba huko, mihogo na mikorosho na kibanda cha kuhifadhia jembe, na siku zile Chamazi ilikuwa pori tu, hakuna wa kukuona. Mpaka Mbagala tulipata gari la mkaa, na kuanzia hapo tukashika miguu, tena kwa kuzunguka nyuma ya mji tusikutane na shangazi.

Siku nane tulikaa kibandani tukila mihogo. Jumanne ile, saa za lori kuondoka Arusha, baba alitoka akakaa chini ya mkorosho akitazama bondeni, na bondeni hapakuwa na kitu ila mihogo ya watu. Mie nilikuwa ndani nachemka kwa hasira. Nilimkasirikia mtani, nikamkasirikia shangazi na wali wake, nikamkasirikia na baba. Neno moja tu, nilijiambia, neno moja la mzaha, na saa hizi tungekuwa uwandani.

Njiani kurudi nilimweleza nitakavyosema. Akasikiliza. Kisha akaniuliza kama nimefunga mlango wa kibanda.

Tulifika mtaani alasiri, baraza imejaa. Wakatupokea kwa shangwe, "Haya, wa Serengeti hao!" Bibi akauliza yai lake, nikamwambia wamekataza. Mtani akasimama. Alikuwa na kicheko tayari mdomoni, nilikiona, lakini hakukitoa. Hakumwuliza baba. Aliniuliza mie.

"Mwalimu," akasema, "wewe unafundisha watoto wa watu. Mbele ya hawa wote, uliwaona nyumbu?"

Watu wakasogea karibu. Baba alikuwa amesimama pembeni yangu, ameelekeza uso upande wa sauti, maana sura ya mtu alikuwa haioni tena vizuri. Nilihisi mkono wake umenigusa kiwiko. Nilidhani ananihimiza.

"Niliwaona," nikasema. "Wengi kuliko anavyosema baba. Tulikaa juu ya mizigo tukawangoja wapite."

Sijui hata hilo la mizigo lilitoka wapi. Watu wakashusha pumzi. Mtani akavua kofia yake, akaja mpaka kwa baba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mtani wangu," akasema. "Miaka yote hii nimekuita muongo, kumbe mtu wa kweli." Na wengine wakafuata, mmoja mmoja, kumpa baba mkono. Kila mmoja alimwamini. Ndicho alichokitaka, na niliona nimempa.

Baba aliwashukuru watu, akaingia ndani. Nilipompelekea chai nilimkuta amekaa kitandani, ule mkoba uko mapajani, hajaufungua.

"Wamekuamini baba," nikamwambia. "Hukufurahi?"

Akauweka mkoba chini, miguuni.

"Ningekuwa mtu wa kusema uongo, mama," akasema, "ningesema ile asubuhi. Tungeliwahi basi."

Jicho la pili lilifunga kabla shule hazijafunga tena. Aliishi miaka mingine sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwita muongo. Mgeni akija barazani, mtani mwenyewe ndiye anayemhimiza: "Hebu mwambie habari ya nyumbu wale, mzee!" Watu wanasogeza mikeka.

Baba hakusimulia tena hata siku moja. Alikuwa akivuta kofia yake mbele kidogo, anageuza uso upande anaodhani nipo. "Mwulizeni mwalimu," anasema. "Ndiye aliyewaona."

Nami nikawasimulia.