Mchezo wa mjukuu wangu ulivyokaribia kumchomesha jirani: mimi naunga mkono dunia ya kitabu

Wakuu wa jukwaa, hamjambo. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, sitii chumvi. Anayetaka kubisha asome kwanza amalize.

Naona vijana hapa mnawacheka wenzenu wanaonunua vitabu vya dunia zilizotungwa tayari, zile za mazimwi na wafalme. Ati ni uvivu, mchezaji wa kweli hujitungia dunia yake mwenyewe.

Mjukuu wangu Nanjala alikuwa anasema hivyo hivyo.

Kwa asiyeujua huu mchezo: watu wanaketi mezani, mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu wa hiyo hadithi, na dadu ndizo zinaamua nani apone nani aanguke. Nanjala ndiye msimulizi. Wanachezea kwangu Shauri Moyo, Jumapili baada ya kanisa, yeye na marafiki zake. Sina shida nao. Hawanywi, hawavuti, na vikombe wanaosha wenyewe.

Rafiki yake Abdi, anauza nguo Eastleigh, alikuwa amenunua kitabu kizima cha dunia. Miji, milima, ramani ya rangi. Nanjala akakikataa. Akasema huko ni theluji tupu na majina ya kuvunja ulimi, yeye atatunga dunia ya kufanana na kwetu.

Akachukua karatasi ya carton, akachora line za nyumba, mfereji wa maji katikati, na watu wa mtaa wakapata mapacha wao humo. Ilikuwa tamu, sikatai. Hata mimi nilikuwemo, malkia wa lango, mkali kama pilipili.

Shida ilikuwa mwizi.

Wiki hiyo mtu alikuwa ameng'oa mabomba ya mfereji wetu, huu wa kweli. Tukakaa bila maji, kila mtu amechoka na ana hasira. Nanjala akaona hapo kuna hadithi: kisima kimeng'olewa mabomba, wachezaji wamtafute mwizi. Na mwizi akampa jina Akala.

Sasa hapa kwetu Akala ni mtu. Ni mzee wa mlango wa mwisho wa line yetu, anakata akala, vile viatu vya matairi, anazipeleka sokoni Kariokor. Jina lake la kitambulisho hatulijui. Nanjala ananiambia aliona tu ni jina linalomfaa mtu wa kunyemelea.

Nyumba hizi za council, dirisha linafunguka moja kwa moja kwa njia. Jumapili hiyo gari la maji lilikuwa limekuja, na foleni ya mitungi ikapita chini ya dirisha langu.

Mimi niko kwa mlango nachambua mboga. Nikasikia Abdi amepaza sauti ndani, "Ni Akala. Ndiye alichukua mabomba, nimemwona mimi."

Mwingine akajibu, "Tumtoe nje tumchome."

Dadu zikagonga meza, wakashangilia.

Nje foleni ikanyamaza.

Nyinyi wa Nairobi mnajua neno mwizi linafanya nini mchana kweupe. Halingoji shahidi. Nikasikia mtungi unawekwa chini, halafu mwingine. Kabla sijasimama vizuri, wanaume wako kwa mlango wa mzee wanaupiga ngumi, na kijana wa mkokoteni ana jiwe mkononi. Mzee amejifungia ndani anauliza amefanya nini. Hakuna anayemjibu.

Nikapita, nikasimama nimeupa huo mlango mgongo. Nikamwita Nanjala alete mchezo wake nje aeleze.

Akaleta. Hapo ndipo nilijua tumemuua mzee wa watu.

Kwa sababu aliinua ile carton, na kila mtu akaona mfereji, akaona line yetu, akaona mlango wa mwisho umetiwa alama nyekundu. Mama mmoja akasema polepole, "Si mnaona, hata wamemchora." Nanjala akaanza kulia, ni hadithi tu, ni hadithi tu. Hadithi gani ina mlango wa mtu?

Kijana wa mkokoteni akaniambia, "Mama Fred, toka hapo. Wewe ni mzazi wetu, lakini toka."

"Nitoe," nikamwambia. "Anza na mimi, halafu uende kwa mama yako umweleze."

Akasita. Abdi akajipenyeza katikati yao na kile kitabu chake. Nikamwambia asome palipo na mwizi, kwa sauti. Akafungua, akawageuzia kwa Kiswahili: kuna mwizi wa mji wa barafu, ana mkia wenye ncha tatu, anaiba vivuli vya watu anamuuzia mfalme.

Kijana wa mkokoteni akauliza, "Na huyo wa mkia anakaa wapi?"

"Hakai mahali," Abdi akasema. "Anakaa kwa hii karatasi. Huu ndio mchezo wenyewe, boss. Tunamshika, tunamchoma, tunakunywa chai."

Mtu wa nyuma akacheka. Kitabu kikaanza kupita mikononi, wakaona mazimwi, wakaona picha ya dadu kama zile za Nanjala. Jiwe likashuka chini. Watu wakarudi kwa mitungi yao kama waliokuwa wamesimama kuuliza njia. Hakuna aliyesema pole.

Mzee alikaa sana kabla ya kufungua. Nanjala akapiga magoti. Mzee akamwinua, akamwambia, "Mjukuu wangu, siku nyingine mwizi wako mpe jina la mtu asiye na mlango."

Tangu siku hiyo wanachezea dunia ya Abdi. Wanatetemeka na theluji wasiyoijua, majina wanayakosea, na wanafurahi vile vile. Dunia ya kununua nimeiona faida yake: hakuna mtu wa huko anayeteka maji hapa. Na mtu akishuku, unamfungulia ukurasa ajionee. Ile ya kichwani mwako utamfungulia wapi? Ukitaka kujitungia, tunga. Lakini tunga mbali na dirisha langu.

Mzee Akala amehamia mtaa wa Fedha kwa binti yake. Alituambia ni mguu unamsumbua. Mguu wake ni mzima.

Haya, wa kusema kitabu ni uvivu, uwanja ni wenu. Lakini mkianza kuandika, mniambie kwanza mwizi wenu anaitwa nani.