Jozi Mbili za Mapezi Nyuma ya Mlango

Mume wangu aliacha jozi mbili za mapezi ya mpira, yale ya kuvaa miguuni mtu akipiga mbizi, na mji wenyewe ni Isiolo. Najua inavyosikika. Hapa tunaomba mvua mwaka mzima, halafu ikija inachukua mtu. Kazi yake ilikuwa kuwafuata hao waliochukuliwa. Alijifunza kuzamia akiwa kijana, bandarini Mombasa, akikwangua uchafu kwenye matumbo ya meli, kisha akarudi nyumbani akafungua duka la dawa za mifugo karibu na soko la mbuzi. Mto ukijaa kule Burat, au mchungaji akizama kwenye silanga, bwawa la mifugo, akinywesha ng'ombe, walimpigia simu yeye na wenzake wachache. Hakuna aliyewalipa.

Hakufa maji. Nalisema mapema kwa sababu kila aliyekuja kutoa pole aliuliza ni mto gani. Moyo ulisimama akiwa dukani, asubuhi, akimpimia mteja dawa ya kupe, jua linawaka na barabara imejaa vumbi. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimejiandaa kwa mto. Nilijua hata nitakavyolia. Kifo kikapitia mlango mwingine, nami nikabaki nimekaa mkekani, sijui nikipeleke wapi kile kilio nilichokiandaa. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Ilikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Nikaingia eda, na mama mkwe akahamia kwangu. Nguo za marehemu kwetu hutolewa sadaka, na wanawake wa jamaa walikuja kuzikunja: kanzu, kikoi, suruali za dukani, viatu vyote. Walifanya kazi kwa bidii mpaka nikaona kama nyumba inahamishwa. Walipofika nyuma ya mlango wa chumba, wakayakuta mapezi yamening'inia kwenye misumari, wakakwama.

"Hii ni nguo ama ni chombo cha kazi?" mmoja akauliza.

"Kitu inavaliwa mguu ni kiatu," akasema mama mkwe. "Lakini nani atavaa hii aende nayo msikitini?"

Wakacheka kidogo, wakaona haya, wakayaacha. Mimi sikucheka wala sikukasirika. Nilikuwa nawatazama tu, kama mtu anayetazama majirani wakifua.

Jozi ya kwanza ilikuwa ya kuziba kisigino. Mguu unaingia mzima, mtupu, kama kwenye kiatu cha raba. Aliizoea hiyo bandarini, ambako mtu anashuka majini kutoka kwenye mashua na hakanyagi mwiba wowote. Aliporudi huku akamwagiza dereva wa lori linaloshusha mbuzi Mombasa amnunulie, na akamwambia achukue namba moja juu ya mguu wake. Hivyo ndivyo mama yake alivyomnunulia viatu vya shule, vikubwa, avikulie ndani. Mtu mzima mwenye ndevu! Nilipomuuliza mguu wake utakua lini, akaniambia joto la Isiolo hufurisha miguu. Halafu akakunja soksi zake, akazisokomeza mbele kwenye vidole, kama mama yake alivyosokomeza vitambaa, akasema sasa yamekaa sawa.

Siku ya kwanza kuyatumia kwenye silanga, pezi moja likachomoka likaelea juu peke yake. Wachungaji walioketi ukingoni wakadhani mguu wake umekatika, wakaanza kusoma dua. Alirudi nyumbani akiwa na tope mpaka masikioni na hakutaka kuzungumzia jambo hilo. Mapezi yakapanda msumarini, soksi zikiwa bado ndani, kwa sababu kuzitoa kungekuwa kukubali kwamba nilikuwa nimesema kweli. Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye.

Baadaye akapata jozi ya pili, ya kisigino wazi. Hii inavaliwa juu ya buti za mpira zenye soli, na nyuma kuna mkanda wenye meno unaokazwa kwa bakli. Ni nzito zaidi, na mtu akitembea nayo anaonekana kama chura aliyechoka. Lakini mto wetu ukifurika unabeba migunga mizima na miiba yake, na mguu mtupu hauna lake mle. Alikuwa akiivalia sebuleni kwanza, kuhakikisha, na bakli la kushoto lilikuwa kaidi. Ni mimi niliyelifunga. Nilipiga magoti, nikabana pande mbili kwa vidole gumba, nikavuta mpaka jino lilelile, mara zote. Mpira ulikuwa umeacha mstari mweupe pale bakli lilipokaa. Huo ulikuwa urefu wa kisigino chake, na baada ya nguo na viatu kuondoka, ndicho kipimo pekee cha mwili wake kilichobaki ndani ya nyumba. Nilikuwa naupitishia kidole mstari ule kila nikifunga mlango. Sikuwa nasikia kitu, lakini niliupitishia.

Mvua zikaja nikiwa bado kwenye eda. Alasiri moja mwenzake wa kuzamia akapiga hodi barazani. Ni Mmeru, fundi wa pikipiki, Mkristo, ambaye miaka yote alinisalimu kwa habari. Siku hiyo, kwa kuheshimu msiba, alisimama nje akasema salaam aleikum, akageuza macho upande wa barabara. Mama mkwe akafungua mlango nusu, mimi nikakaa nyuma yake.

"Shemeji, pole kwa kukusumbua," akasema. "Kuna mzee amebebwa na maji huko Burat jana, akivuka na punda. Familia imetoka mbali, Sericho. Wako hapo tu kando ya mto na sanda mkononi. Mapezi yangu imeraruliwa na miiba. Naomba za marehemu."

Akaongeza, kwa wema, "Hata zile za kuziba ni sawa. Hizo zingine najua alikuwa anazipenda. Kaa nazo."

Mama mkwe akanigeukia. "Mali ni yako," akasema.

Fundi hakujua kwamba yale ya kuziba yanachomoka. Mimi nilijua. Ningeweza kumpa, naye angeshukuru na kwenda nayo kwenye maji yale, na mstari wangu mweupe ungebaki mahali pake. Nakumbuka nilivyokuwa na hasira, hasira baridi isiyo na sauti. Nilimkasirikia fundi kwa kuja, nikamkasirikia mzee wa watu kwa kuvuka mto uliojaa, na zaidi nikawakasirikia wale waliokaa na sanda, kwa kuwa walikuwa na mtu wa kumsubiri.

Nikaenda chumbani nikatoa yale ya kisigino wazi.

Akaketi kwenye ngazi ya baraza na buti zake, akajaribu. Mguu wake ni mkubwa, mkanda haukupita. Bakli la kulia akalilegeza mwenyewe. La kushoto likamshinda.

"Hii bakli imekataa," akasema.

Sikuwa na ruhusa ya kwenda kupiga magoti mbele ya mwanamume barazani, na sikutaka. Nikamwambia mama mkwe anipe pezi. Nikabana kwa vidole gumba, nikarudisha mkanda nyuma, jino baada ya jino, mpaka mstari mweupe ukabaki peke yake, nje ya bakli. Nikalitoa nje.

Mzee yule walimpata kesho yake, amenaswa kwenye matawi, akazikwa kabla ya jua kuzama. Fundi aliyaleta mapezi yameoshwa na kukaushwa, na alikuwa amejaribu kurudisha mkanda wa kushoto palepale ulipokuwa. Alikosea jino moja. Ningeweza kulisogeza. Niliangalia bakli, nikaangalia mstari, nikamwambia mama mkwe amwambie akae nayo, mto haujaisha.

Yakabaki yale ya kuziba, yasiyomfaa mtu yeyote, hata mwenyewe hayakumfaa. Eda ilipokwisha niliamua kuyatoa msumarini niyatupe. Nikatia mkono ndani kukung'uta vumbi, vidole vyangu vikagusa kitambaa.

Soksi. Wanawake walikuwa wamekusanya kila uzi wake, na hizi hakuna aliyezikumbuka. Zilikuwa zimekauka na tope la silanga, ngumu, zimekunjwa kama alivyozikunja yeye. Nikaketi sakafuni nikazishika, na kile kilio cha mto kikaja, kirefu, kwa sauti, mpaka mama mkwe akaacha sufuria jikoni akaja kuketi kando yangu. Alizitazama soksi mkononi mwangu. Hakusema zitolewe sadaka.