Taulo la Mwenye Ploti

Asubuhi hiyo nilikuta karai langu limepinduliwa nje ya geti, mafuta yameingia mchangani, na donge la unga nililolikanda usiku limelala juani kama chokaa. Pale chini ya paa la geti, mahali pangu, palikuwa na meza ya mtu mwingine, na juu ya meza mahamri. Tena magumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ngoja nirudi nyuma.

Ploti yetu iko Chaani, vyumba vimetazamana, mfereji mmoja wa maji katikati. Mwenye ploti anaishi humo humo. Kila asubuhi hutoka na kikoi chake, tumbo mbele, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mfereji, akapiga mswaki. Mpaka amalize, hakuna wa kuteka maji. Dereva wa trela humshikia jagi. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho, shoga yangu, humshikia taulo. Mimi nilikuwa nikimpelekea hamri la kwanza kutoka karaini, kwa sababu pale getini, wanapopita watu wa bandarini wakienda kazini, aliniweka yeye, kwa neno la mdomo tu. Pale ndipo palipomsomesha binti yangu.

Taulo nalo si mchezo. Fundi alipougua, jirani mmoja alilinyakua, na wale wawili hawakusalimiana mpaka Idi ikapita.

Jioni moja binti yangu alikuwa akisoma kitabu cha historia kwa sauti, mimi nachambua mbaazi. Kulikuwa na mfalme wa Ufaransa ya zamani. Akiamka, wakubwa wa nchi wamesimama kando ya kitanda, huyu ampe shati, huyu amshikie mshumaa, na nafasi hizo wanazigombania.

"Hawana makwao?" nikauliza.

"Wana majumba na mashamba, mama."

"Na wanashika mshumaa?"

"Wanashika. Mfalme akikununia, umekwisha."

"Na yeye nani anamuuliza?"

"Hakuna. Anasema amewekwa na Mungu, atamjibu Mungu peke yake."

Nikaweka ungo chini. "Basi huyo hakufa. Alihamia Chaani."

Kesho yake nikayasema mferejini, mwenyewe hajatoka. Wallahi, watu walicheka! Dereva akainama na jagi: "Mtukufu, maji ya kusukutua yako tayari." Fundi alicheka kutushinda sote, akajifuta machozi kwa taulo lenyewe. Mlango ulipolia, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Halafu ndiyo ikaja asubuhi ya karai. Nilimwendea pale pale kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee. Nimekosa nini?"

"Marahaba. Nimeamua tu."

"Na wenzangu wanasemaje?"

"Hapa hakuna kamati, mama. Hapa niko mimi." Akatema povu. "Tena huyo mfalme hakuhamia Chaani. Alizaliwa hapa hapa."

Nikageuka. Dereva alikuwa akichungulia ndani ya jagi kana kwamba mna samaki. Fundi akanyoosha taulo, hakuniangalia. Na ile meza getini ilikuwa ya mdogo wake fundi.

Sasa nakaangia Magongo, kando ya barabara, vumbi la malori linaniongezea viungo. Binti anasema mmoja wa wafalme wale mwishowe aliulizwa na watu wake, tena vibaya, kwa kukatwa kichwa. Mimi shingo ya mtu siitaki, nitaiweka wapi? Nataka jibu. Kwa Mungu atajibu siku yake, hiyo si zamu yangu. Mimi anijibu mferejini, mswaki mdomoni, watu wote na ndoo zao wakisikia: kosa langu lilikuwa mahamri au kicheko? Kama ni kicheko, mbona waliocheka wote bado wanateka maji?

Na wewe fundi, shoga yangu, weka hilo taulo chini kwanza. Maneno yangu ulimpa kabla hajajifuta uso, au baada?