Kibonyeo Juu ya Sikio la Akida

Saa moja asubuhi, Alhamisi Kuu. Swedi Mukalay amekaa juu ya tairi kuukuu mbele ya karakana yake ya Dilala, mjini Kolwezi, na chai yake imeota ngozi. Waendesha pikipiki za teksi wanapita wakimpigia honi. Macho yake yako mezani, kwenye chapeo ya askari wa Kirumi inayong'aa kama sinia la harusi.

Kazi imekwisha. Rangi ya dhahabu imekauka, kishungi cha nywele za ufagio kimekuwa chekundu upya, mkanda wa kidevuni umeshonwa. Fundi mwingine angekuwa anapiga mluzi. Swedi anasubiri hukumu.

"Nimenyoosha pahali habakunituma," anasema. "Sasa benyewe banakuya."

Chapeo hiyo ni ya maigizo ya Ijumaa Kuu. Ilifuliwa miaka ya themanini kutoka bati la pipa la mafuta, fundi akitazama picha ya katekisimu. Mvaaji wake alikuwa Mulumba, fundi umeme wa migodini, aliyeigiza akida, mkubwa wa askari wanaosimama chini ya msalaba. Kesho, baada ya zaidi ya miaka thelathini, mzee Mulumba ataigiza tena Kolwezi. Binti yake Tshiela, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeileta chapeo karakanani wiki iliyopita, imeliwa na kutu. Agizo lake lilikuwa fupi: rangi tu.

Lakini Swedi ni tôlier, fundi wa kunyoosha bodi za magari, na juu ya sikio la kushoto la chapeo palikuwa na kibonyeo ambacho yai lingelala bila kubingirika. Mtu wa kazi hiyo hapiti karibu na kibonyeo akakisalimia tu.

"Kupaka rangi juu ya kibonyeo ni kujipulizia manukato bila kuoga," anasema.

Akaiweka chapeo juu ya gunia la mchanga, akachukua nyundo ya mti, akagonga polepole kwa ndani, asubuhi nzima, mpaka bati likarudi mviringo. Hakuongeza bei. Alitaka iwe zawadi. Jana mchana akampigia Tshiela simu kumpa habari njema.

Tshiela akauliza mara mbili ni sikio gani.

"Tata Swedi," akasema, "ile kibonyeo ilikuwa yangu." Kisha akamweleza.

Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine, walipokuwa wakifukuzwa mjini, Mulumba alitoka nyumbani kuelekea stesheni na familia yake. Mkono wa kulia ulishika cherehani ya mkewe. Mkono wa kushoto ulimbeba Tshiela, mtoto wa miaka minne. Chapeo haikuingia katika gunia lolote, na kuiacha hakutaka, kwa hiyo akaivaa. Njiani waliomjua walicheka, wengine wakalia. Karibu na reli jiwe likatoka katikati ya watu, likaja upande wa kushoto, likagonga chuma juu ya sikio la baba, kiganja kimoja tu kutoka kichwa cha mtoto.

Walilala kando ya reli majuma mengi kungoja treni. Kibonyeo wakaenda nacho Mbuji-Mayi, huko Kasai. Tshiela alikua akikitia kidole kama wengine wanavyoshika rozari. Aliporudi Kolwezi kufundisha, alikuja nacho, na baba yake akamfuata baadaye.

"Sasa mi nimefuta," anasema Swedi. "Kwa mukono yangu, na bure."

Jirani yake, mama Huguette, anayekaanga mikate ya mafuta hatua chache kutoka karakanani, hajamwonea huruma tangu jana.

"Tata Swedi, nyundo si iko? Piga tena," anamwambia akigeuza mikate. "Kuharibu ni kazi rahisi, hata bwana yangu anaweza."

Swedi anakiri kwamba alijaribu. Jana hiyohiyo aliishika nyundo ya chuma, akaiinua juu ya sikio la akida, akaishusha bila kugonga, akaiinua tena. Tshiela asingetambua tofauti.

"Lakini ile ilipigwa na jiwe," anasema. "Hii ingepigwa na woga. Nikaiacha."

Woga wa Swedi una historia na chapeo hiyo. Alipokuwa mtoto, yeye na wenzake, watoto wa Waislamu wa karibu na soko, walikwenda kila mwaka kutazama msafara wa Wakristo kwa sababu moja: akida aliwafukuza watoto kwa mkuki wa mti. "Ule muzee alinikimbiza mpaka nikapoteza kiatu. Nyumbani nikapigwa kwa sababu ya kiatu, halafu nikapigwa kwa sababu ya Waroma."

Ufundi aliupata ujanani katika gereji ya kampuni ya migodi, katika miaka ambayo mishahara ilianza kuja kama mgeni, leo ipo, miezi mitatu haionekani. Gereji ilipokufa alibaki na nyundo tatu na uzoefu. Leo tangi la pikipiki lililopinda humwingizia faranga elfu thelathini. Siku njema hupata matangi mawili, na siku mbaya hupata wateja wa kuuliza bei.

Nyumba alijenga Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi. Majirani walipoanza kuchimba kobalti chini ya vyumba vyao, yeye alikataa kuchimba chini ya vyake. Haikumsaidia. Mashimo ya wengine yalikutana chini ya sebule yake, na asubuhi moja ya mvua ukuta wa mbele ukaketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Familia yote ilikuwa nje. "Nilikuwa na nyumba ya etaje, ghorofa nzima, bila kuyua," anasema. "Balijenga ile ya chini bila kuniambia."

Alichookoa ni mlango wa chuma, uliopinda katikati kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Ndio mlango wa karakana sasa. Kila asubuhi unakwaruza sementi kwa kelele inayomfahamisha mama Huguette kwamba jirani yake amefika.

"Ya batu unanyoosha, ata bile habakutuma," anamwambia. "Ya kwako inalia kila siku."

"Iko na kazi yake," hujibu Swedi.

Saa mbili inapita. Pikipiki inasimama. Tshiela anashuka, kisha anamshika mkono baba yake, mzee mrefu mwenye koti la suti na kandambili. Hakuna salamu ndefu. Swedi anasimama, anajifuta mikono ambayo haina uchafu.

Tshiela anaenda moja kwa moja mezani. Vidole vyake vinapita juu ya sikio la kushoto, vinarudi, vinapita tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Panateleza.

"Imetoka kweli," anasema kwa sauti ndogo.

"Mama, unisamehe," anasema Swedi. "Ningeuliza kwanza. Ile kazi, pesa yako nitarudisha."

Mzee Mulumba anaichukua chapeo mikononi mwa binti yake. Anaitazama ndani, anaitazama nje, anaivaa. Inashuka mpaka kwenye nyusi na kukaa. Anatikisa kichwa kushoto, anatikisa kulia. Haitoki.

"Inaingia," anasema.

"Papa, si ilikuwa inaingia siku zote?"

"Toka ile siku haikuingia hata mara moja. Ile bati ilikuwa inanichoma hapa." Anagusa juu ya sikio. "Unafikiri juu ya nini nilikataa kuigiza kule Mbuji-Mayi? Ba padri balinibembeleza miaka mingi."

"Ulisema ni juu ya huzuni."

"Huzuni pia. Lakini zaidi ilikuwa inachoma. Hapa nilisema nitavumilia siku moja."

Mama Huguette anaacha mikate iungue. Tshiela anamtazama baba yake, mdomo wazi, kisha mabega yanaanza kumtikisika, na inachukua muda kujua kwamba anacheka.

"Sasa mbona hukunyoosha, Papa?"

"We mutoto, kila mugeni akiingia nyumbani unamuletea ile kibonyeo ashike. Ningekunyanganya namna gani? Nikasema, basi, nitakaa na jiwe nyumba moja. Nimekaa."

Swedi ameketi tena juu ya tairi. Anakunywa chai yenye ngozi bila kuiona. Halafu anakumbuka jambo, anaomba chapeo, anakishika kidole cha Tshiela na kukiingiza ndani, upande wa kushoto. Pale chuma bado kinakwaruza, kimejikunja kidogo.

"Huku lime yangu haikufika," anasema, akionyesha tupa yake ya kulainishia chuma. "Mukono yangu ni munene."

Tshiela anakiacha kidole pale. "Ni hapa," anasema. "Ni palepale." Kisha, akiwa bado na macho ya maji, anamwonya kwamba kishungi kimekolea mno, Waroma hawakuwa timu ya mpira.

Mzee anaivaa tena. Anamkodolea Swedi macho, anakanyaga kwa kandambili na kunguruma. Swedi, mwanaume wa miaka hamsini mwenye wajukuu wawili, anaruka nyuma ya meza.

"Huyu namuyua," anasema mzee. "Ni ule wa kiatu kimoja."

Kesho Swedi atasali kwanza Ijumaa yake msikitini, kisha atakwenda kusimama kando ya njia na mama Huguette, mbali na mkuki. Baada ya Pasaka ana mpango mwingine. Ana kiwanja kidogo nje ya mji, kuta zimefika madirishani, na nyumba hiyo inahitaji mlango.

Mzee na binti wakishaondoka, anaingia ndani na kutoka na spana. Anaung'oa mlango wa Kasulo kwenye bawaba zake, anaulaza juu ya magunia ya mchanga na kuupapasa katikati, pale ulipopinda.

"Nani amekutuma?" anauliza mama Huguette.

"Hakuna," anasema Swedi, na kuinua nyundo.