Kombati ya Sajini Eudoro

Yamile Quintero alikuwa na kanuni moja katika ndoa yake: mumewe asiulizwe kamwe yaliyomkuta vitani. Aliishika miaka yote, na mtaa wetu mjini Pitalito ukamsifu kwa heshima hiyo.

Eudoro alikuwa amestaafu jeshini akiwa sajini. Kila Desemba, fataki zikianza kulia, alipanda milimani kwa rafiki yake mkulima wa kahawa, asirudi mpaka Januari. Mwaka ule akamwambia mkewe, "Safari hii nabaki. Nitakula na nyinyi." Yamile alilia kwa furaha, akatafuta namna ya kumtukuza.

Kwetu, siku ya mwisho ya mwaka, kila nyumba hutengeneza Mzee Mwaka: sanamu ya nguo kuukuu iliyojazwa vumbi la mbao na fataki, ikakalishwa kitini mlangoni kungoja kuchomwa. Yamile alitoa kabatini kombati ya mumewe, sare yake ya vitani, akaivisha sanamu kama heshima kwake.

"Dada, umempatia!" kaka yake Wilmar akacheka. "Mpaka kitambi!"

"Nyamaza, nisije nikakukalisha wewe hapo tukakuchoma."

"Thubutu! Nimejaa pombe tangu asubuhi. Nikiwaka mimi, mtaa wote umekwenda."

Mchana huo Eudoro alirudi kutoka sokoni na nyama ya nguruwe begani.

"Shemeji, mpigie mwenzio saluti!" Wilmar akamwita.

Nyama ikamponyoka. Eudoro akapiga magoti mbele ya kiti, akawa anavuta vifungo vya ile kombati.

"Mvueni! Mvueni, anaungua!"

"Mume wangu, hatujawasha moto."

Eudoro akaachia vifungo. "Lisandro, mwenzangu wa kikosi, aliungua ndani ya nguo kama hii, Yamile. Nilishindwa kumvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Kabla jua halijatua, Eudoro alikuwa ameshika njia ya milimani.

Kumnyamazia aliyeumia ili apumzike ni wema. Kumnyamazia ili sisi tusisikie ni woga, nasi tumeupa woga huo jina la adabu.

Januari alirudi, lakini hakubaki Desemba nyingine yoyote, na mauti yalimkuta huko huko kwenye kahawa. Katika ndoa yao yote, Yamile hakula naye chakula cha mwaka mpya hata mara moja.