Gundi ya Konokono Yafika Matungu

Alhamisi asubuhi niliondoka Kakamega mjini kwa sababu ya mwanamume mmoja aliyeogopa wakwe. Mzee Makokha, mkata miwa wa Matungu, alipasuliwa tumbo, na sasa haja yake hutoka kwenye tundu pembeni mwa kitovu na kuingia mfuko uliobandikwa ngozini. Akitokwa na jasho, mfuko hubanduka. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa bintiye.

Mkobani nilibeba vibandiko vya kushikilia mfuko kama huo, kazi ya maabara yetu ya chuo kikuu. Gundi yake tumeiiga kwa konokono wa msituni asiye na gamba, ambaye ukimgusa hutoa ute na kung'ang'ania jani hata mvua ikinyesha. Tulivijaribu kwenye ngozi iliyolowa maji, vikashika kama kupe. Nilijiamini, sikatai.

Saa nne tulifika, mimi na Beatrice, muuguzi anayemhudumia mzee. Mzee alikuwa ameoga na kuvaa shati jeupe. Alikaa kwenye kiti kilichowekwa mlangoni, ili mfuko ukibanduka akimbilie nje. Beatrice akambandika. Dakika kumi hazikuisha, kibandiko kikateleza.

Beatrice alipitisha kidole tumboni pa mzee, akacheka.

"Mzee, umejipaka mafuta?"

"Sasa mgeni anatoka chuo kikuu, anipate nimepauka?"

Mkewe, Mama Nafula, akadakia, "Mimi ndiye nilimpaka. Mtu hatokangi mbele ya wageni bila mafuta. Hiyo ni aibu!"

Aibu ilikuwa yangu. Mimi mwenyewe nilijipaka asubuhi ile, lakini kule maabara hatukuwahi kujaribu ngozi yenye mafuta hata siku moja.

Beatrice alimwosha kwa sabuni mara mbili, akabandika kingine ngozi ikiwa bado imelowa maji.

"Kwa hivyo mmeniwekea konokono?" mzee akauliza.

"Ujanja wake tu, Mzee."

Saa sita jua lilikuwa kali. Beatrice alimkataza kubeba mizigo, si kutembea, basi mzee akalizunguka shamba lake lote la miwa. Alirudi shati limemganda mgongoni. Tukatazama tumboni: mfuko ulikuwa pale pale.

Saa tisa tuliaga. Daftarini niliandika kazi ya wiki ijayo: mafuta ya kujipaka, ya aina zote. Konokono alitufundisha habari za maji. Za mafuta tumefundishwa na Mama Nafula.

Tukiwa uani, tulisikia mzee akiita.

"Mama Nafula! Toa hiki kiti mlangoni. Jumamosi nitakaa katikati ya wakwe."