Bodi ya Mbwemkuru na Barua ya Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini, Nachingwea, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya mota ya pampu, akaniambia nisikilize mpaka saa sita. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti kipya, nikaona nadharauliwa. Saa sita akaja kuuliza mota imesema nini. Nikamjibu inanguruma tu. Akacheka, akaniacha palepale mpaka jioni. Kesho yake nikaanza kuisikia beringi iliyokuwa inakwisha. Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, lakini kazi ni ileile ya kusikiliza.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja, tukawa tunamwigiza akigeuka: "Waya wa zamani usiung'oe mpaka mpya ukujibu, na ukujibie kule utakakokaa siku zote." Mimi nilishika nusu ya kwanza.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Ruangwa, chini ya Meneja wa Mradi, mtu wa kanda ya ziwa, mnyoofu na mwenye haraka. Pampu zetu za sola zilikuwa zimefungwa bodi, yaani kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, isiyo na skrini wala kibodi. Bodi ndiyo inayoamua pampu iwake saa ngapi na tenki likijaa izime. Ukitaka kujua inachofanya unaisomea kwenye konsoli, njia ambayo bodi hutolea maneno yake. Wakati ule konsoli ilikuwa waya wa nyuzi tatu: mmoja bodi inasema, mmoja inasikia, wa tatu ethi, yaani wa ardhini. Unaunganisha na kompyuta mpakato, unakaa chini kwenye nyumba ya pampu, unasoma.

Shida ilikuwa kituo cha Mbwemkuru. Pale pampu ilikuwa inasimama yenyewe kila baada ya siku kadhaa, na kina mama wanarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Mlinzi wa pampu, Bi Somoe, alikuwa ameagizwa na ofisi kwamba ikisimama azime, awashe tena, watu wapate maji. Anatii. Lakini umeme ukizimwa, maneno yote ya bodi yanafutika. Nikifika na waya wangu, nakuta bodi imeamka upya haina la kusimulia.

Basi maneno yakaanza. Kwamba Bi Somoe anazima pampu aende shambani kwake kwenye ufuta. Kwamba anazima aende Namungo kutazama mpira, maana mpira anaupenda kweli na hakuficha. Funguo za ile nyumba alizishika tangu kisima kilipochimbwa. Meneja akaandaa barua yenye kichwa "Yah: Kuondolewa Kituoni", jina la Bi Somoe limeshapigwa chapa, imebaki sahihi.

Nikamwomba Meneja wiki mbili. Nikamweleza kwamba konsoli inaweza kupitishwa kwenye mtandao. Pale Mbwemkuru palikuwa na ruta ya laini ya simu, hivyo bodi ingeweza kurusha maneno yake hadi kompyuta ya ofisini Ruangwa, na bodi ikizima, maneno yanabaki ofisini. Akakubali shingo upande.

Nilikwenda kwa pikipiki. Nikaifundisha bodi mambo yanayotakiwa: anwani yake kwenye mtandao, ambayo ni kama namba ya nyumba, namba ya mlango wa kutokea, na anwani ya atakayepokea. Nikaiwasha. Maneno yakaanza kumwagika kwenye mpakato wangu bila waya wowote wa konsoli. Nilifurahi sana, nikamwita Bi Somoe aone, nikaizima konsoli ya zamani, nikaondoka najiona bingwa wa wilaya mbili.

Siku ya nne pampu ikasimama. Nikakimbilia kompyuta ya ofisini. Tupu, hakuna hata herufi moja.

Meneja alisimama nyuma yangu akatazama skrini. "Ulisema bodi ikiwa na tatizo itasema. Haikusema. Kwa hiyo bodi ni nzima, na aliyezima ni mtu." Akachukua kalamu.

Pale ndipo nilipomkumbuka Fundi Mkuu, na nusu ya pili ya sheria yake. Anwani ya mpokeaji niliyoandika haikuwa ya ofisi. Ilikuwa ya mpakato wangu. Nilijaribu nikiwa palepale, ikanijibu, nami nikaondoka na mpokeaji begani. Bodi ilisema yote, ila ilikuwa inamwambia mtu aliyekwisha kuondoka. Na ukimya niliousababisha mimi ulikuwa unakwenda kumfukuzisha mama wa watu.

Nilimweleza Meneja yote. Akarudisha kalamu mfukoni. Akasema wiki moja, basi.

Nilirudi Mbwemkuru. Konsoli ya waya nilikuwa nimeiua mwenyewe, ikabidi nichomoe kadi ya kumbukumbu, yenye maagizo ya bodi, na kuanza mwanzo. Safari hii niliandika anwani ya ofisi, kisha nikampigia simu karani wa ofisini, Zainabu, anisomee anachokiona. Alisoma mstari kwa mstari, anakwama kwenye Kiingereza cha mashine, Bi Somoe naye amesogeza sikio. Sikuondoka mpaka Zainabu alipofika mstari wa mwisho.

Alhamisi saa saba mchana pampu ikasimama, na nilikuwa ofisini. Maneno yalikuwepo. Kumbukumbu ya bodi imejaa, imekosa pa kufanyia kazi, na chini yake jina la programu iliyokula nafasi yote: ile ya kupima kimo cha maji kwenye tenki. Niliijua vizuri. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na kila ilipopima ilishika nafasi isiirudishe.

Chumbani nilikuwa peke yangu. Sitawadanganya, nililifikiria lile jina kwa dakika nzima. Kisha nikachapa karatasi, nikaipeleka.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" Meneja aliuliza.

"Ni langu, Meneja. Programu ni yangu."

Alitoa ile barua kwenye faili. Akakata jina la Bi Somoe kwa kalamu, akaandika langu juu yake, akatia sahihi. Hivyo ndivyo nilivyorudishwa Nachingwea, baada ya kwanza kuirekebisha programu. Huko nikafunga konsoli za mtandao kila kituo mpaka Mtua, na hakuna niliyoiacha kabla ofisi haijanisomea mstari wa mwisho. Nikastaafia hapo.

Nilipokwenda Mbwemkuru kumwomba radhi, Bi Somoe alikuwa anafagia mlango wa nyumba ya pampu. Alinisikiliza hadi mwisho, ameshika ufagio.

"Mwanangu, umenisaidia," akasema. "Walivyosema sana, nilishaanza kujiuliza labda kweli ninazima, nasahau."

Vyeti vyangu viko kabatini. Ukutani nimetundika kimoja tu, ile barua, jina lake limekatwa na langu liko juu yake.